Tangi la maji la reli lipimwe kabla ya kukatwa kuwa chuma chakavu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa wasimamizi wa reli, kwa walimu wa ufundi na kwa wasomaji wenzangu wanaoishi kando ya reli ya zamani, kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Ombi langu ni kwamba kabla ya jengo lolote la reli hiyo kubomolewa, au kukatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu, lipimwe, lichorwe, na ikiwezekana lijengewe modeli kwa mkono kwa skeli inayojulikana, yaani uwiano kati ya kipimo cha modeli na cha jengo lenyewe. Mimi ni mjenzi wa modeli za namna hiyo. Sitegemei vifurushi vilivyotengenezwa kiwandani, kwa sababu majengo ya reli yetu hayana vifurushi vya kununua. Kila kipande hukatwa, hukunjwa na kuunganishwa mezani, na kwa hiyo kila kipande hudai kipimo chake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba picha peke yake haitoshi kulihifadhi jengo. Mpiga picha anaweza kuuacha upande wa nyuma na asiulizwe na mtu, lakini mjenzi wa modeli hawezi kuendelea na kazi mpaka ajue upande wa nyuma ukoje, bomba linaingilia wapi, na mguu wa nguzo umefungwaje kwenye zege.

Nitazungumzia jengo la aina moja tu, nalo ni tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo za chuma, kwa kuwa naliona likipotea upesi kuliko mengine. Stesheni yenye kuta za mawe na baraza pana huwa na watetezi, na watu hupenda kupigia picha za harusi hapo. Tangi halina mtetezi. Kazi yake ilikwisha pale injini za dizeli zilipochukua nafasi ya injini za mvuke, na tangu hapo limebaki kuwa mzigo wa chuma unaotamaniwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hakuna jengo linaloeleza historia ya reli hii vizuri kuliko tangi. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na ukafika Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Na katika sehemu zote za mwanzo, nyika ya Taru ndiyo iliyowatesa wajenzi kwa kiu, kwa kuwa haina mto wa kudumu, hata maji ya kunywa na ya injini yakabidi yasafirishwe kwa treni kutoka nyuma. Baadaye ilikuwa lazima maji yahifadhiwe njiani, na yahifadhiwe juu, ili yateremke kwa uzito wake yenyewe na kuijaza injini kwa dakika chache.

Wingi wa maji hayo si jambo la kukisia. Injini kubwa kuliko zote zilizotumika katika reli yetu zilikuwa zile za daraja la 59, aina ya Garratt, zilizojengwa na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na uzito wa moja ulikuwa kiasi cha tani 250. Msomaji anayetaka kuiona anaweza kwenda Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, akasimama kando ya nambari 5918, Mount Gelai. Injini ya namna hiyo ilibeba kiasi cha galoni 8,600 za maji, yaani karibu lita 39,000. Basi injini imetunzwa, imepakwa rangi, na watoto wa shule huonyeshwa. Lakini tangi lililoinywesha, ambalo bila yake injini hiyo isingefika popote, halijawekewa hata mchoro mmoja ambao raia wa kawaida anaweza kuuona kwa urahisi.

Sasa nieleze jinsi tangi linavyopimwa, kwa maana wengi hudhani ni kazi ya wahandisi peke yao. Matangi mengi ya aina hii, hapa kwetu na kwingineko, yaliunganishwa kwa paneli za chuma kilichokandamizwa kwa mashine, kila paneli ikiwa na upana wa futi 4 na kimo cha futi 4, yaani mita 1.22 kila upande, na katikati ikiwa na alama iliyobonyezwa ili kuipa nguvu isijikunje. Mtu akishajua kipimo cha paneli moja, anaweza kulisoma tangi zima akiwa amesimama chini. Paneli ya kwanza ipimwe kwa utepe, kwa sababu yapo pia matangi yenye paneli za mita moja, kisha zilizobaki zihesabiwe. Tuseme tangi lina paneli sita kwa urefu, nne kwa upana na mbili kwa kimo. Urefu wake ni mita 7.3, upana mita 4.9 na kimo mita 2.4, na likijaa hadi ukingoni huchukua lita 87,000. Maji hayo peke yake yana uzito wa tani 87, mbali na chuma chenyewe, nayo yangetosha kuijaza ile Garratt mara mbili na kubakisha kidogo. Mwanafunzi akiifanya hesabu hii ataelewa mara moja kwa nini nguzo ni nene na kwa nini zimefungwa vyuma vya msalaba kila upande.

Kwa majengo ambayo yamekwisha kubomolewa, kipo kipimo kingine ambacho watu hukisahau, nacho ni reli yenyewe. Umbali kati ya vyuma viwili vya reli ya zamani ni milimita 1,000, ukipimwa baina ya nyuso zao za ndani, nao haubadiliki kutoka Kilindini hadi Kisumu ila kwa kiasi kidogo sana penye kona. Picha yoyote ya zamani inayoonyesha reli ikipita karibu na jengo, hasa ikiwa imepigwa kwa kulielekea jengo wima, ina rula ndani yake. Zaidi ya hapo, kozi za matofali, yaani safu zake, huhesabika, na mlango wa kawaida hauwezi kupishana sana na kimo cha milango tuliyo nayo. Nimekwisha kupata vipimo vya kibanda cha pampu kwa njia hii, na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya reli alipoviangalia alinirekebisha mahali pamoja tu, penye kimo cha dirisha, ambalo aliniambia lilikuwa juu zaidi ili mvuke na joto vitoke.

Kuhusu skeli, nina msimamo ambao baadhi ya wajenzi wa modeli hawataupenda. Ulaya skeli iliyoenea ni 1:87, na kwa kipimo hicho reli yetu ya mita moja huwa milimita 11.5, lakini kwa ajili ya viwanda vyao huwekwa kuwa milimita 12. Tofauti ni ndogo, ila haina sababu kwetu sisi ambao hatununui reli wala mabehewa yao. Ukijenga kwa 1:100, mita moja huwa sentimita moja kamili, na reli yetu huwa milimita 10 bila kukadiria; mtoto yeyote mwenye rula ya shule anaweza kupima bila kikokotoo. Ukijenga kwa 1:50, reli huwa milimita 20 kamili. Mimi huchagua 1:50 kwa matangi na vibanda, kwa sababu boliti yenye kichwa cha milimita 30 hubaki na milimita 0.6, ambayo jicho bado linaiona, ilhali kwa 1:100 hubaki alama tu. Kwa yadi nzima ya stesheni, pamoja na njia zake za kupishania, 1:100 ndiyo inayofaa, la sivyo meza haitatosha. Katika hali zote mbili skeli iandikwe juu ya ubao wa modeli, pamoja na jina la mahali na mwaka wa kupimwa, kwa maana modeli isiyotaja skeli haina faida kwa mtafiti.

Tangi la mfano nililolitaja lina paneli 64, yaani 40 za kuta na 24 za sakafu, na ndizo zinazochukua muda mwingi kuliko kitu kingine. Njia inayonifaa ni kutengeneza kalibu moja ya paneli kwa mti mgumu, mvule au mninga, ikichongwa ile alama ya katikati kwa uangalifu, kisha kukandamizia bati laini la kopo la soda juu yake kwa ncha butu, kama ya kalamu iliyokwisha wino. Kwa skeli ya 1:50 kila paneli ina milimita 24.4 kila upande. Bati la kopo huchomwa kwanza kwa moto mdogo ili lilainike, rangi yake ya ndani na ya nje ikasuguliwa kwa msasa, kisha vichwa vya boliti vikatokezwa kwa kubonyeza sindano kutoka upande wa nyuma, kwa nafasi zilizo sawa zinazoongozwa na kipande cha karatasi ya grafu. Kazi hii haitaki haraka. Paneli moja ikitoka na boliti zilizopinda, jicho la mtazamaji litaiona hiyo kabla ya zile sitini na tatu nyingine, na ni bora kuitupa.

Bati la kopo la soda ni alumini, nayo haishikiki kwa risasi ya kawaida ya kulehemu, kwa hiyo paneli huunganishwa kwa gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili juu ya sanduku la ndani lililokatwa kwa kadi nene au kwa mbao nyembamba. Wajenzi wanaoishi karibu na pwani wana tatizo la unyevu: kadi hunyonya hewa ya bahari na kuvimba, na baada ya masika ukuta uliokuwa wima huanza kupinda. Dawa yake ni kuipaka kadi vanishi pande zote mbili na kingo zote kabla ya kuigundisha chochote, na kuweka vigawanyo vya ndani vya kutosha. Nguzo na vyuma vya msalaba, kwa upande mwingine, nashauri vitengenezwe kwa bati la kopo la maziwa, ambalo linakubali risasi vizuri. Chuma cha pembe chenye upana wa milimita 100 huwa milimita 2 kwa skeli yetu. Ukanda wa bati wenye upana wa milimita 4 ukikunjwa katikati juu ya ukingo wa rula ya chuma huwa pembe hiyo, na ukilehemiwa penye makutano huwa imara kiasi cha kubeba kitabu. Vipande vyote vya upande mmoja wa mnara vilazwe juu ya mchoro wenyewe uliobandikwa ubaoni, vilehemiwe hapo hapo, kisha upande wa pili ufanywe juu ya mchoro uleule, ili zisitofautiane.

Mabati ya kibanda cha pampu yana siri yake. Mikunjo ya bati la zamani ilikuwa na nafasi ya inchi 3, karibu milimita 76, ambayo kwa 1:50 ni milimita 1.5. Boliti ya M10 inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi ina uzi wenye hatua ya milimita 1.5, yaani umbali kati ya mkunjo mmoja wa uzi na unaofuata. Karatasi laini ya alumini ikilazwa juu ya kipande cha mpira wa tairi na boliti hiyo ikavingirishwa juu yake kwa nguvu sawa, hutoka mikunjo ambayo imekaribia kabisa ile ya kweli. Mistari hutoka ikiwa imeinama kidogo kwa sababu uzi wa boliti umezunguka kwa mshazari, basi bati likatwe kwa kufuata mistari, lisifuate ukingo wa karatasi. Kisha likatwe vipande vya urefu wa bati halisi na kupishanishwa, kwa maana paa lililofunikwa kwa karatasi moja nzima halifanani na paa lolote lililopigiliwa na fundi.

Lipo jambo dogo ambalo hukosewa mara nyingi hata katika modeli nzuri, nalo ni kipimo cha maji kilichokuwa nje ya tangi. Ubao wenye alama ulisimamishwa ukutani, na kishale chake kilifungwa kwa kamba iliyopita juu ya kapi na kuteremka ndani hadi kwenye boya. Maji yakipanda, boya hupanda na kishale hushuka; kwa hiyo kishale kilicho chini kabisa humaanisha tangi limejaa. Nimeona modeli na hata michoro ambamo namba zimepangwa kinyume. Anayejenga modeli kwa kuangalia picha tu hawezi kulijua hilo, lakini anayejiuliza kamba inapita wapi na mwisho wake umefungwa nini atalijua, au atakwenda kumwuliza aliyewahi kuusoma ubao huo kila asubuhi. Wazee hao bado wapo Voi, Mtito Andei, Makindu, Nakuru na kwingineko. Wao ndio wanaojua rangi ya tangi ilikuwa ipi kabla ya kutu, ngazi ilikuwa upande gani, na mkono wa bomba uliozungushwa juu ya injini ulifungwa kwa mnyororo upande upi usipotumika.

Najua yatatolewa maneno mawili ya kupinga. La kwanza ni kwamba modeli ni michezo ya watoto. Watoto wetu wametengeneza magari ya waya kwa vizazi vingi, yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, na ustadi ule ndio huuhuu. Kinachoongezwa ni kipimo, na kipimo ndicho kinachougeuza mchezo kuwa kumbukumbu. La pili ni kwamba siku hizi kuna ndege ndogo zisizo na rubani na mashine za kupima kwa miale, ambazo huchukua umbo la jengo zima kwa saa moja. Ni vifaa vizuri, na penye uwezo vitumike. Lakini mashine hupima kilichobaki. Haiwezi kuuliza kwa nini kuna tundu nne za boliti mahali pasipo na kitu, ilhali mjenzi wa modeli atasumbuliwa na tundu hizo mpaka ajue palifungwa nini.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na naomba nieleweke kwamba hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Wasimamizi wa reli wawe na utaratibu ulio wazi wa kumruhusu raia kupima na kupiga picha jengo lisilotumika, kwa barua moja inayosainiwa na stesheni masta, na kwa kufuatana na mfanyakazi wa reli pale ambapo njia bado inapitisha treni. Kwa sasa mtu anayeonekana na utepe na kamera karibu na reli hudhaniwa kuwa mwizi wa vyuma au mpelelezi, na mara nyingi hufukuzwa kabla ya kueleza haja yake. Naelewa kwa nini tahadhari ipo, maana wizi wa vyuma vya reli ni wa kweli na unahatarisha maisha. Lakini anayeomba ruhusa mchana, kwa jina lake, hana sababu ya kutendewa hivyo. Tena zabuni yoyote ya kuuza tangi, daraja dogo au kibanda cha ishara iwe na sharti kwamba mnunuzi hatakata chuma mpaka jengo limepimwa na picha za pande zote nne, na za chini, zimewekwa kwenye kumbukumbu.

Walimu wa shule za sekondari ya chini wana somo la Ufundi wa Awali, ambamo mwanafunzi hufundishwa uchoraji, skeli na matumizi ya vifaa. Badala ya kumpa mwanafunzi mchemraba wa kufikirika, mwalimu aliye Mariakani au Makindu anaweza kumpa tangi lililo karibu na shule yake. Darasa moja lipime, jingine lichore, jingine lijenge. Na Makumbusho ya Reli, ambayo yana injini na mabehewa ya thamani kubwa, yatenge japo kabati moja la kioo kwa modeli za majengo zilizojengwa na Wakenya wenyewe, yakiweka sharti la skeli na orodha ya vipimo, ili tuone treni pamoja na mahali ilipokuwa ikisimama.

Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Wasomaji wako wana picha za stesheni ndani ya masanduku na albamu za familia: baba akiwa na sare ya reli, mama na watoto wakingoja treni, na nyuma yao tangi ambalo leo halipo. Kama utatenga nafasi mara moja kwa mwezi ya kuchapisha picha hizo, pamoja na jina la mahali na mwaka unaokumbukwa, niko tayari kupima kila jengo linaloonekana karibu na reli na kutoa mchoro wake kwa skeli ya 1:50 kwa yeyote atakayeuhitaji, bila malipo. Ningeomba tu picha zisikatwe pembeni wakati wa kupangwa ukurasani, kwa kuwa mara nyingi reli huwa kwenye ukingo wa chini.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Voi